Kinyaa cha Mama Kuku

Kwa miaka yote aliyosimama kwenye meza yake sokoni, Mama Kuku hakujua kinyaa ni mdudu gani. Alikuwa anaingiza mkono tumboni mwa kuku hadi kwenye kifundo, anachomoa firigisi, maini na utumbo kwa mvuto mmoja, halafu kwa mkono huohuo, uliochovywa tu kwenye ndoo, anamega mkate na kushushia chai. Wateja waliokunja pua aliwacheka usoni. "Nyie mnadhani kuku anazaliwa kwenye sufuria?"

Mpaka siku ile hospitalini. Daktari alimwambia kwamba lile donge kwenye titi lake la kushoto ni kansa, kwamba bado halijatambaa kwenda kwingine, kwamba titi lote litaondolewa, na kwamba foleni ya upasuaji ni ndefu, kwa hiyo arudi nyumbani angoje mpaka mwisho wa mwezi. Yote hayo daktari aliyasema kwa pumzi moja, na katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na kipande cha jani la mboga. Habari ya foleni Mama Kuku hakuisikia vizuri. Alikuwa anatazama lile jani. Ndipo kinyaa kilipomwingia, na kilipoingia hakikupiga hodi.

Kuanzia hapo kila kitu kilimchefua. Utando wa maziwa juu ya chai. Unywele uliogandia sabuni. Mate ya mtu anayeongea karibu. Akipanda kitandani anasikia harufu ya mto, na mto ni wake mwenyewe. Na sokoni ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mvuke wa pipa la maji ya moto ukipanda na ile shombo ya manyoya yaliyolowa, alikuwa anakimbilia nje kutapika. Akimtazama kuku aliyenyonyolewa, ile ngozi nyeupe yenye vipele, imelegea, baridi, alikuwa anaona kitu kingine kabisa, akageuza uso.

"Nikatie kidari tu, Mama Kuku," mteja mmoja alimwambia, mwanamke aliyepaka kucha rangi. "Mapaja sitaki, yana mafuta. Kidari kinono."

Mama Kuku akaweka kisu, akasikia gegedu likilia, kizunguzungu kikampata. Akashika ukingo wa meza.

"Vipi, kimenuka?" mteja akauliza, akirudi nyuma.

"Hakijanuka. Nimenuka mimi."

Kwenye meza ya jirani alisimama mchinjaji mzee aliyeitwa Chapchap, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kufanya jambo lolote upesi. Akainua kichwa polepole. "Mama Kuku, isije ikawa una mimba. Juzi umetapika, leo unayumba."

"Mimba ya nyanya yako."

"Mimi nasema tu. Kumbe Cheche bado ana cheche!"

Soko zima la kuku likaangua kicheko, maana Cheche ndilo jina alilopewa mume wake, fundi wa kuchomelea madirisha na milango ya vyuma. Mama Kuku naye akacheka ili asiulizwe zaidi. Sokoni hakuwa amemwambia mtu. Halafu akaenda chumba cha nyuma kunakorundikwa magunia ya manyoya, akafunga mlango, akatia mkono ndani ya blauzi.

Huu mkono sasa ndio uliokuwa taabu yake. Mtu wa kazi ile anajua kila kitu kwa kidole gumba. Akimbonyeza kuku kifuani anakwambia huyu kijana, huyu mzee, huyu alikuwa kwenye barafu na wamemyeyusha wakidhani watu ni wajinga. Kwa kidole hichohicho ndivyo alivyoligundua donge, bafuni, akijisugua, akasimama na povu mwilini kama aliyeguswa na waya wa umeme. Sasa kidole kilikuwa kinajiendea chenyewe. Anabonyeza asubuhi, anabonyeza akitoka chooni, anabonyeza mteja akigeuka kutafuta mfuko. Kila akibonyeza anaona limekua. Akisema hapana, ni mawazo, anabonyeza tena ahakikishe, na limekua zaidi. Alikuwa akikiondoa kidole anakinusa, hajui kwa nini, kisha anakiosha mpaka ngozi inakunjamana.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Wifi yake, dada yake Cheche, alihamia pale siku habari ilipomfikia. Alikuja na begi, na ndala, na mdomo. Watu walimwita Redio, na jina halikumwonea. Alisema amekuja kumsaidia wifi yake kazi, lakini kazi aliyoifanya ilikuwa kutangaza. Kila jioni Mama Kuku akirudi anakuta sebule imejaa wanawake, wamekaa kwenye makochi yake, wanatafuna karanga na kutema maganda kwenye viganja.

"Pole, mwaya," walisema, mmoja baada ya mwingine, na hiyo pole ilitoka kooni kama kohozi. Wakampa mikono yenye majimaji. Halafu macho yao yote yakashuka, yakaenda kushoto, yakakaa pale.

"Ni hilo?"

"Ni hili."

"Lakini halionekani! Si ni zima kabisa!"

"Ndivyo linavyofanya," akasema mwingine, mwenye pengo, akimeza karanga. "Binamu yangu lilikuwa hivyohivyo. Wakakata hapa, likaibukia kwapani. Wakakata kwapani, likaibukia kwenye mgongo. Harufu yake sasa, jamani. Mpaka kuku walikuwa hawapiti mlangoni."

"Usimtishe mwenzio," Redio akasema, akisogeza kigoda karibu ili asikie vizuri. "Enhe, ikawaje?"

Mama Kuku alikuwa anatazama midomo yao, ukoko mweupe kwenye pembe, ulimi unaozunguka kutafuta karanga iliyonasa. Akaona kama yeye ndiye wanayemtafuna. Akajikaza kisabuni, akasema anaumwa kichwa, akaenda kulala jua bado halijazama.

Na Cheche? Cheche alikuwa kama amehama akiwa humohumo ndani. Alitoka kwenda karakana kabla chai haijachemka, akirudi anakula kimya, macho sahanini. Mke wake akivua nguo abadilishe, yeye anageukia ukuta, au ghafla anakumbuka kitu kwenye simu. Kitandani alilala ukingoni kabisa, kama abiria aliyekaa na mtu asiyemjua. Mama Kuku hakuhitaji kuelezwa. Akakata kauli moyoni: mume wangu ananionea kinyaa. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza hata kumlaumu, maana yeye mwenyewe akipita mbele ya kioo alikuwa anapita ubavuubavu.

Sasa sikiliza jambo alilolifanya, maana ni jambo ambalo mshona nguo asingelifanya, wala mwalimu, wala muuza duka.

Watu wa meza za kuku wanaota chunjua vidoleni. Mikono haikauki, na vifupa vinachoma kila siku. Na pale sokoni kwao walikuwa na dawa yao: unachukua kifuko cha nyongo, unakitoboa juu ya chunjua, unafunga kitambaa, kesho hivyo tena, mpaka chunjua inageuka nyeusi na kudondoka. Chapchap aliapa imemtoa tano. Wengine walisema zilidondoka kwa kuchoka zenyewe, lakini hilo halikuzuia mtu kuweka.

Mama Kuku akaanza kuwaza. Hili nalo ni nini kama si chunjua kubwa iliyopotea njia? Ikiwa nyongo inakula chunjua, kwa nini isile hili? Akiweka kila siku, polepole, pengine mwisho wa mwezi daktari atabonyeza, atakosa, atasema: mama, hapa hapana cha kukata, nenda zako.

Alijua ni upuuzi. Usimhesabu mjinga. Hakuna mtu pale sokoni aliyejua ubaya wa nyongo kumshinda. Ndilo jambo la kwanza alilowafundisha wasichana wapya. Toa maini taratibu, usipasue hicho kijani, kikipasuka umeharibu kuku mzima, nyama inakuwa chungu, tupa. Alijua. Lakini hofu haikumwacha usiku wala mchana, na mtu wa namna hiyo ukimpa ukuta atautafutia mlango.

Basi akawa anaweka kando kifuko kimoja, anaingia chumba cha manyoya, anafungua blauzi, anatoboa. Kimiminika cha kijani kikateremka kwenye ngozi yake, kizito, cha uvuguvugu. Harufu ikampiga puani akaziba mdomo kwa kiwiko. Akapaka kwa kidole gumba, akabonyeza, akazungusha, akafunga kwa kitambaa. Halafu akarudi mezani kunyonyoa, na siku nzima alikuwa anajisikia ananuka, hata akisimama kwenye upepo.

Ngozi ikawa nyekundu. Akafurahi: inafanya kazi. Ikaanza kuwasha, akafurahi zaidi. Halafu ikachanika, ikatoa maji ya manjano yanayogandia kitambaa, na kila akikibandua anabandua na ngozi. Hapo furaha ikamwisha, lakini aibu ikawa imeshafika, na aibu haikumruhusu kuacha wala kusema. Akaongeza kitambaa. Akaongeza manukato. Nyongo na manukato vikichanganyika, hicho kitu sina haja ya kukueleza.

Siku ya kwenda kupimwa kabla ya upasuaji ikafika. Redio akajipaka poda, akasema lazima amsindikize. Wakakaa benchi, likaitwa jina, Mama Kuku akaingia peke yake. Mle ndani palikuwa na nesi mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mtu aliyeonekana hajawahi kushtuka.

"Vua juu, mama, nikuangalie."

Mama Kuku akavua shati. Akasita.

"Na hicho kitambaa."

Akakivuta. Nesi akavaa miwani. Akainama, akanusa, akainuka.

"Hapa umeweka nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya kienyeji kidogo."

"Mama, mimi niko hapa miaka. Nimeona mavi ya ng'ombe, nimeona dawa ya meno, kuna mmoja alikuja na mafuta ya breki. Niambie tu."

"Nyongo."

"Ya nini?"

"Ya kuku."

Nesi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Haya. Nyongo ya kuku ndiyo mara yangu ya kwanza. Hongera."

Akamwita daktari. Safari hii meno yake yalikuwa safi, lakini Mama Kuku hakuthubutu kumtazama usoni. Daktari hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema pale pameoza, na hawezi kupitisha kisu kwenye kidonda kichafu, uchafu wote utaingia ndani na kumuua haraka kuliko kansa. Akamwandikia vidonge. Akasema atamsogezea siku chache tu. Kikikauka, atakatwa. Kisipokauka, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, na yeye anarudi mkiani mwa foleni.

"Na mkia wake uko wapi?" Mama Kuku akauliza.

"Mbali," daktari akasema. "Na hilo donge halijui foleni. Leo liko palepale. Miezi ijayo siwezi kukuahidi."

Daktari alipotoka, nesi akakunjua masharti. Soko la kuku, marufuku. Kugusa, marufuku, hata kwa ukucha. Kidonda kifunguliwe kila siku, kioshwe, kifungwe upya, na asikifunge yeye, maana mkono wake haukuaminika tena. "Nyumbani una nani?"

"Mume. Na wifi yangu, yuko hapo nje."

"Mwite wifi nimfundishe."

Redio akaingia kwa madaha, akaona, akatoa macho, akaziba pua kwa ncha ya kanga. "Yarabi! Na hiyo harufu ndiyo... wifi, kumbe ni wewe! Mimi nilidhani panya kafia kabatini!"

"Njoo karibu uone namna ya kufunga," nesi akasema.

"Nani, mimi? Hapana, nesi, hapana. Mimi nina damu ya kunguru. Nikiona kidonda nazimia, muulize yeyote." Akatoka kinyumenyume, akajigonga mlangoni, akaenda. Mama Kuku akamsikia huko nje akianza kupiga simu kabla hajafika kwenye benchi.

"Basi tazama wewe, utamwelekeza mumeo," nesi akasema.

"Mume wangu hatashika."

"Umemuuliza?"

Mama Kuku akageukia mezani. Akatazama jinsi nesi anavyofanya: glavu, maji ya chumvi, shashi, plasta, halafu akafungiwa vingine kwenye mifuko aende navyo.

Kufika mtaani, habari imeshawatangulia. Muuza vocha alimtazama kifuani na kukohoa. Sebuleni makochi yamejaa, na yule mwenye pengo hakungoja hata akae.

"Ati nyongo? Ya kuku? Jamani, si ungesema, mimi najua mtu mwenye nyongo ya mamba."

Mama Kuku akasimama katikati ya zulia. Akatazama maganda ya karanga, midomo inayong'aa mafuta, macho yanayotambaa kushoto kama nzi. Akasikia kitu kikipanda toka tumboni, akadhani ni matapishi, kumbe ni sauti.

"Tokeni."

"Shoga, sisi tumekuja kukupa moyo..."

"Moyo ninao. Chukueni karanga zenu mtoke. Mmenikalia hapa kama mainzi juu ya bucha. Wewe na binamu yako aliyenuka, toka. Na wewe wifi, zima hiyo simu, uingie jikoni uoshe vyombo, ulisema umekuja kusaidia."

Wakatoka wakisonya, wakiitana kwa macho. Redio akaingia jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale masufuria yakasikika yakisuguliwa.

Cheche alirudi mapema. Naye alikuwa amesikia. Mteja mmoja wa geti alimpa habari pamoja na vipimo. Akaenda kwenye bomba la uani, akachukua sabuni ya unga na brashi ya kusugulia vyuma, akajisugua mikono hadi viwiko mpaka ikawa myekundu. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Leta hiyo mifuko ya hospitali," akasema.

"Hutaweza."

"Nimeuliza kama nitaweza? Leta."

Akavaa glavu za mpira, zikambana kwenye vidole vyake vinene vya fundi. Mama Kuku akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua vifungo, akafumba macho. Akasikia plasta ikibanduka. Halafu akasikia Cheche akimeza mate, mara moja, mara mbili, halafu miguu, mlango, uani, na kule kwenye bomba mtu anatapika kama anayeng'olewa mizizi.

Yeye alibaki vilevile, kifua wazi, upepo wa dirishani ukimpuliza kidonda. Haya, akajisemea, si nilijua. Akatamani kujifunga mwenyewe, kwa kidole kilekile, potelea mbali.

Mlango ukafunguka. Cheche ameingia, uso umelowa, macho mekundu, anavaa glavu nyingine.

"Umetapika," Mama Kuku akasema.

"Nimetapika."

"Nilijua unanionea kinyaa."

"Ndiyo."

Mama Kuku akafungua macho. Alitegemea abishe. "Ndiyo nini?"

"Ndiyo, hicho kidonda kinatia kinyaa. Kinanuka kuliko mtaro wa nyuma ya karakana. Unataka nikudanganye? Kaa sawa, usiiname."

Akaanza kuosha. Mkono wake, uliozoea kushika nondo za moto, ulikuwa unagusa kama anayetoa vumbi kwenye jicho la mtu. Jasho lilimtiririka puani, akalifuta kwa bega.

"Na titi lenyewe?" Mama Kuku akauliza kwa sauti ndogo.

"Titi limefanya nini?"

"Wiki zote hizi hulitazami. Navua nguo, unatazama ukuta. Huo ukuta una nini?"

Cheche akakata shashi. Akakosea, akakata nyingine. "Nilikuwa naogopa ukiniona natazama utadhani naliaga."

"Si ungesema, wewe mwanamume!"

"Ningesemea wapi? Mwenzangu ulikuwa umeshajigeuza kuku, umejipaka nyongo peke yako."

Mama Kuku akaguna. Halafu kile kiguno kikakatika katikati, kikawa kicheko, cha mbavu kabisa, kidonda kikavutika akalia "uwi!" huku bado anacheka. Cheche naye akacheka, mikono hewani ili glavu zisiguse kitu.

"Hata mimi ninajionea kinyaa," Mama Kuku akasema alipotulia. Hakuwa amelisema hilo kwa mtu. Lilitoka, likakaa hapo kitandani kati yao, likaonekana dogo kuliko lilivyokuwa ndani. "Ninajinusa saa zote. Na hiki kidole, Cheche, hakinisikii. Nikilala kinaenda. Nikiamka nakikuta huko. Siku hizi chache zitapita nikiwa nimeshakichimba kidonda upya."

Cheche akabandika plasta ya mwisho, akaitazama kazi yake kama anavyotazama kiungo cha chuma alichochomelea, kichwa upande. Halafu akatoka, akarudi na glavu zake za kazi, zile za ngozi nene zinazofika viwiko, zimeungua ungua na kukakamaa.

"Vaa."

"Mimi?"

"Ukivaa hizi hutasikia hata ukigusa tairi. Kidole kiende kikapige kelele huko ndani."

Zilinuka jasho la miaka na vyuma vilivyoungua. Mama Kuku alikunja uso, akazivaa.

Hivyo ndivyo alivyozimaliza siku zile. Alikaa sebuleni kutwa, mtu mzima na akili zake, mikono imevaa glavu za fundi kama anangoja kuzima moto. Siku ya kwanza alidhani atapata wazimu. Kidole kilikuwa kinataka, kinavuta, mwili mzima unatoka jasho. Akaubonyeza mkono wa kochi, akabonyeza meza, hakuhisi kitu. Hofu ikapanda mpaka masikioni, ikakaa, ikachoka, ikashuka. Ikapanda tena. Akaanza kuizoea mienendo yake. Hakuipenda. Aliichukia kama mgeni asiyeaga, lakini alijua sasa kwamba hata ikikaa saa nzima mwisho inanyanyuka.

Yule mwenye pengo alirudi mara moja, akanyoosha mkono. Mama Kuku akampa glavu. Mwanamke akaushika huo mkono wa ngozi iliyokakamaa, akaunusa wake kisirisiri, akakumbuka ana shughuli. Redio alicheka hicho kisa mpaka akakaa sakafuni, na kwa kuwa kilikuwa kizuri akakitangaza, lakini safari hii mtaa ulicheka upande wa wifi yake.

Kila asubuhi Cheche aliosha na kufunga. Siku ya pili alitapika tena. Ya tatu alitoka nje akasimama tu. Baadaye hakutoka, ila alikuwa anaongea mfululizo, habari za bawaba na kufuli, ili asinuse. Wala Mama Kuku hakuacha kukunja pua. Walikunja pua wote wawili, vichwa karibu karibu, wakitazama mahali pamoja.

Siku ya kurudi hospitali alikwenda na Cheche. Nesi mnene akabandua plasta. Akavaa miwani. Akabonyeza kando, akabonyeza kati. Mama Kuku alikuwa anatazama koo la nesi, maana lingemeza mate angejua ni mbaya.

"Nani amekifunga hiki?"

"Mimi," Cheche akasema, akisimama kama mwanafunzi.

"Plasta unabandika kama unaziba tairi." Akainama tena, akanusa. "Lakini pamekauka. Nenda wodini, mama. Kesho asubuhi."

Kesho yake walimletea gauni la kufungwa nyuma. Mama Kuku akalikunjua, akaligeuza, akakuta doa la kahawia ubavuni, kubwa kama kiganja.

"Hili lina doa."

"Limefuliwa, mama, halitoki tu," msaidizi wa wodi akasema.

"Doa la nani?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Basi peleka kwa anayelijua. Mimi nitatoka humo na madoa yangu mwenyewe yanatosha, siwezi kuingia na ya mtu."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, hata yule aliyekatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi. Msaidizi akaenda akinung'unika, akarudi na jingine. Mama Kuku akalinusa kwapani, akalivaa.

Wakamsukuma. Cheche alitembea kando ya kitanda cha magurudumu, mkono juu ya mkono wake, mpaka kwenye mlango ambao hauvukwi na jamaa. Pale akamtazama, kuanzia usoni, akashuka, akatua kushoto, akakaa hapo bila haraka mbele za watu wote. Mama Kuku akamwacha atazame. Mlango ukafungwa.

Ndani kulikuwa na baridi. Taa ilikuwa kubwa kama sinia na juu yake palikuwa na nzi mmoja aliyekufa. Alimwona, akawaonyesha, wakasema watamtoa. Mtu aliyefunika mdomo akamletea barakoa ya mpira, akaishusha usoni kwake. Ilikuwa na harufu ya plastiki na ya pumzi za watu.

Mama Kuku akaizuia kwa mkono. "Hii mmeiosha?"

"Tumeiosha, mama."

"Kwa sabuni? Au mmeimwagia maji tu?"

"Kwa sabuni, na dawa."

Akamtazama machoni, kwa kuwa macho ndiyo pekee yaliyokuwa wazi. Hayakukwepa.

"Haya, lete," akasema, akakunja pua, akavuta.